Kaunti imepitisha jengo la studio pekee mtaani kwetu. Tunaweza kuhoji?

Swali: Mimi ni mwalimu, nimepanga nyumba ya vyumba viwili Kilimani, Nairobi, na mume wangu na watoto watatu. Bangaloo iliyokuwa ng'ambo ya ua wetu imebomolewa na kibao kimesimamishwa: orofa 18, nyumba zaidi ya 200, zote studio (chumba kimoja cha kulala na kupikia humohumo) na za chumba kimoja cha kulala. Hakuna hata moja ambayo familia yetu ingetoshea, na bei yenyewe hatuiwezi. Mwenye nyumba wetu naye ameanza kusema atauza ploti. Kaunti iliwezaje kuidhinisha jengo kubwa namna hii lisilo na nyumba nafuu ya familia? Na sisi wapangaji tuna sauti yoyote?

Jibu:

Mwalimu, nianze na lile ambalo hutapenda kulisikia. Kaunti iliweza kwa sababu hakuna sheria ya Kenya inayomlazimisha mtu anayejenga kwa pesa zake, kwenye ardhi yake, kutenga nyumba za bei nafuu wala kujenga idadi fulani ya nyumba za vyumba vitatu. Ukiandika barua yenye hoja hiyo moja tu, itajibiwa kwa mistari miwili. Lakini kibali hicho kinaweza kuhojiwa, na mpangaji ana haki ya kukihoji sawa na mwenye hati ya ardhi. Kazi ni kuulizia mambo ambayo sheria inaitaka kaunti iyaangalie, kisha suala la familia uliingize kama sharti unaloliomba.

Kwanza tenganisha malalamiko mawili uliyoyafunga pamoja. Moja ni ukubwa wa nyumba, la pili ni bei. Hata mwekezaji akikubali kesho kuweka nyumba 40 za vyumba vitatu, hutazimudu. Kipimo cha kawaida ni kwamba kodi ya nyumba isizidi asilimia 30 ya mapato. Kaya yenye shilingi 60,000 kwa mwezi ingelipa 18,000, na kwa pesa hizo hupati vyumba vitatu kwenye jengo jipya lolote Kilimani. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, ile inayoweka makato ya asilimia 1.5 kwenye mshahara wako na asilimia 1.5 nyingine kwa mwajiri, inawahesabu walengwa wa nyumba nafuu kuwa wenye mapato ya kati ya 20,000 na 149,000 kwa mwezi. Wewe umo humo. Ila sheria hiyo inahusu miradi inayogharamiwa na mfuko wa makato hayo. Haimgusi jirani yako mwekezaji.

Hata serikali, inapojenga, hujivunia idadi ya milango. Mradi mkubwa wa Mukuru una nyumba za chumba kimoja za mita 20 za mraba, na kila moja inaingia kwenye takwimu kama nyumba kamili. Kwa miaka kadhaa, kampuni iliyojenga nyumba 100 au zaidi kwa mwaka ilitozwa kodi ya mapato ya asilimia 15 badala ya 30. Sharti lile liliuliza nyumba ngapi, halikuuliza vyumba vingapi. Ukimwambia mfanyabiashara kwamba studio ya mita 28 na nyumba ya mita 110 zitahesabiwa sawa, unashangaa nini akijenga studio?

Hesabu ya ardhi inamsukuma kulekule. Ekari moja Kilimani inauzwa kwa mamia ya mamilioni ya shilingi. Tuchukue mfano wa nusu ekari iliyonunuliwa kwa milioni 200. Ukiigawa kwa studio 200, kila mnunuzi anabeba milioni moja ya ardhi. Ukiigawa kwa nyumba 80 za familia, kila mmoja anabeba milioni mbili na nusu, na bado hujaweka jiwe. Studio pia hupata mnunuzi aliye Doha au Minneapolis ambaye hatalala humo hata siku moja, anayetaka kitu cha kupangisha kwa wageni wa siku mbili tatu. Mama wa watoto watatu hanunui nyumba kwenye picha kabla haijajengwa. Mwekezaji wa mbali hununua, na pesa yake ndiyo inayosimamisha nguzo. Nayasema haya ili ukienda kwenye kikao usimwite mtu mwizi. Mwite mtu anayefuata hesabu, kisha uiulize kaunti kwa nini imeiacha hesabu hiyo ipange mtaa mzima.

Na kaunti ina takwimu za kuiongoza. Sensa ya 2019 ilikuta Nairobi watu milioni 4.4 katika kaya milioni 1.5, yaani karibu watu watatu kwa kaya. Mwekezaji atakujibu kwamba wastani huo una vijana wengi wanaoishi peke yao, na ni kweli. Lakini mbele ya kila kijana anayeishi peke yake lazima kuwe na kaya ya watu wanne au watano, la sivyo wastani usingefika hapo. Hao wanawekwa wapi? Ombi lililo na nyumba 200 na halina hata moja ya vyumba viwili linastahili kuulizwa swali hilo kwa maandishi. Ukiandika barua yako, acha kuhesabu nyumba, hesabu vyumba vya kulala na vitanda vya watoto.

Najua mtu atakuambia utumie Katiba, Ibara ya 43, haki ya kila mtu ya makao yanayofikika na ya kutosha. Itaje, lakini usiiegemee kwa uzito wako wote. Haki hiyo inadaiwa hasa kutoka kwa serikali, na Ibara ya 21 inasema itekelezwe hatua kwa hatua. Mahakama ya Juu iliipa nguvu mnamo Januari 2021 katika kesi ya Mitu-Bell, ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson waliobomolewa nyumba zao mwaka 2011. Wale walifukuzwa kwenye ardhi ya umma. Kuitumia hukumu hiyo kumzuia mtu binafsi kujenga studio ni kuinyoosha mpaka ikatike. Itaje kama msingi wa wajibu wa kaunti kufikiria familia inapopanga ardhi, basi.

Pale kibali kinapoweza kutetereka kweli ni kwingine, na hapa nitachukua muda.

Ploti nyingi za Kilimani zilitolewa kwa ajili ya nyumba moja ya familia moja. Ili mtu ajenge fleti lazima kwanza apate idhini ya kubadilisha matumizi ya ardhi, halafu ndipo aombe kibali cha ramani za jengo. Hizo ni hatua mbili, na majirani karibu wote huamka kwenye ya pili, wakati kibao kimeshasimama na tingatinga limeshafika. Msongamano wa watu kwenye ploti, yaani swali lako lote, huamuliwa kwenye hatua ya kwanza, ambayo tangazo lake huwa limepita gazetini kwa herufi ndogo kati ya hati zilizopotea na minada ya magari. Kwa hiyo usiombe nakala ya kibali cha ujenzi peke yake. Omba pia idhini ya kubadilisha matumizi, tarehe yake, masharti yake na nakala ya tangazo. Mara nyingi hapo ndipo utakapokuta idhini ilikuwa ya orofa chache na ramani zikaongezeka baadaye.

Kisha uliza ni mwongozo gani wa kanda uliotumika, yaani waraka unaosema kila mtaa unaruhusiwa kujengwa nini. Mwongozo wa 2004 wa Nairobi uliiweka Kilimani kanda moja na Kileleshwa na Riverside, na ulikuwa na viwango vyake vya orofa na vya sehemu ya ploti inayoruhusiwa kufunikwa na jengo. Jiji limepita mbali na viwango hivyo, nao maofisa wa mipango wa kaunti wamekuwa wakisema kuna sera mpya. Wakazi wa Rhapta Road, Westlands, walienda Mahakama ya Mazingira na Ardhi juu ya jambo hilohilo: je, kaunti inaweza kupitisha majengo marefu kwa kutumia sera ambayo haijapitishwa inavyotakiwa? Shauri hilo lilifika hadi rufaani, kwa hiyo kabla hamjalitegemea, wakili wenu asome uamuzi wa mwisho ulivyo leo. Swali lenyewe ni halali kwa kila kibali: orofa 18 zimetoka kwenye waraka gani, uliopitishwa lini na bunge la kaunti?

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kifungu cha 58, inamtaka mwombaji aujulishe umma kuhusu mradi na kuwaalika watu watoe pingamizi kwa waziri husika wa kaunti. Kaulize majirani, walinzi wa geti, mwenye kibanda cha mboga: nani aliona tangazo? Kifungu hichohicho kina mtego ambao watu wengi hawaujui. Mwombaji asipojibiwa ndani ya siku 60, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Ndiyo maana uulize wazi kama kuna kikao kilichokaa na kuamua, na kumbukumbu zake, au kama ukimya wa ofisi ndio uliopitisha orofa 18. Majibu hayo mawili hayafanani hata kidogo mbele ya wanaosikiliza rufaa.

Maji na mitaro usiyapite haraka kwa kuwa hayana mvuto. Bangaloo ya watu sita ikigeuka nyumba 200, bomba la maji taka lililozikwa kwa ajili ya mabangaloo linapewa mzigo ambao halikuwahi kupimiwa. Ripoti ya athari kwa mazingira iliyopelekwa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, inapaswa kusema maji yatatoka wapi, taka zitaenda wapi, magari yataingilia wapi. Isome ukurasa kwa ukurasa. Nimeona ripoti za aina hii ambazo jina la mtaa mwingine lilisahaulika ndani, ishara kwamba ilinakiliwa. Angalia pia sehemu ya mahojiano na majirani. Kama wamehojiwa watu kumi na wote wanausifu mradi kwa maneno yaleyale, umepata hoja. Shule nazo ziulizwe humohumo, ingawa hapa kuna kejeli: mwekezaji atasema studio hazileti watoto, hivyo haziilemei shule ya Kilimani wala ya Kileleshwa. Atakuwa amekiri mwenyewe kwamba jengo lake halina nafasi ya mtoto. Mwache aliandike.

Sasa muda, maana kesi nyingi za majirani hufia hapa. Kifungu cha 61 cha Sheria hiyo ya Mipango kinampa mhusika yeyote asiyeridhika siku 14 tangu uamuzi kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ambayo barua zote huiita Liaison Committee. Kutoka hapo mnaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Leseni ya NEMA hupingwa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60, na jopo hilo ni kali kuhusu tarehe. Na ombi la habari chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 hujibiwa ndani ya siku 21. Umeona tatizo? Ukisubiri kaunti ikupe nyaraka ndipo ukate rufaa, siku 14 zimeshakwisha. Kwa hiyo vyote viende pamoja: rufaa fupi yenye sababu ulizonazo, ikisema wazi kwamba utaongeza nyingine ukipata nyaraka, na ombi la habari siku hiyohiyo. Kama siku 14 zimepita kabla hujajua lolote, andika siku uliyoona kibao na kwa nini hukuweza kujua mapema, uambatishe picha zenye tarehe, na uombe usikilizwe nje ya muda. Wakikataa, kukataa kwao kunakuwa sehemu ya kesi.

Msidhani pia kwamba kukata rufaa kunasimamisha ujenzi. Ombeni amri ya kuzuia, kwa ombi la pekee, mapema. Nairobi jengo likifika orofa ya nane, waamuzi huanza kuongea kuhusu faini na vibali vya kurekebisha, na hakuna anayetaja tena kubomoa.

Kuhusu kwenda moja kwa moja mahakamani kwa njia ya Katiba, kwa miaka kadhaa walalamishi walirudishwa waanze na majopo, hasa baada ya uamuzi wa 2020 wa Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Kibos Distillers ya Kisumu. Mwaka 2023 mahakama hiyohiyo ililegeza: kuwepo kwa jopo hakufungi mlango kwa mwenye madai ya haki za kikatiba. Bado mimi ningeanza na kamati. Ni rahisi, na kumbukumbu zake zitakufaa baadaye.

Wewe mpangaji unaweza kuwa mlalamishi? Ndiyo. Sheria inasema mhusika, haisemi mwenye hati. Na chini ya Ibara ya 70 ya Katiba, anayedai haki ya mazingira safi hahitaji kuonyesha kwamba kuna mtu aliyeumia au kupata hasara. Risiti ya kodi na bili ya maji vinatosha kuonyesha unaishi pale.

Hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi nawe, na naomba unisikilize vizuri. Utakapoanza kuuliza, chama cha wenye nyumba cha mtaa kitakukaribisha kwa mikono miwili. Wana wakili tayari, wana pesa. Lakini isome barua yao kabla hujatia sahihi. Aghalabu inaongelea hadhi ya mtaa, faragha ya bustani, thamani ya nyumba zao, na aina ya watu watakaohamia. Wanaotaka kurudi kwenye bangaloo moja kwa nusu ekari hawapiganii nafasi ya mwalimu mwenye watoto watatu. Wakishinda, wewe bado utahama. Na mwekezaji anajua kuutumia mwanya huo: atasimama kwenye kikao aseme jiji lina upungufu wa nyumba, na hawa matajiri wanazuia vijana kupata pa kuishi. Ukiwa umejificha ndani ya barua yao, huna la kumjibu. Mshirikiane kwenye maji taka na matangazo, sawa. Ila wapangaji waandike barua yao wenyewe, inayosema kwa sauti: hatupingi fleti, hatupingi urefu kwa sababu ya urefu, tunauliza kwa nini hakuna hata mlango mmoja wa familia.

Barua hiyo iombe nini? Kaunti ina mamlaka ya kutoa kibali chenye masharti. Ombeni sehemu fulani ya nyumba iwe ya vyumba viwili na vitatu. Mimi ningetaja theluthi moja, nikijua nitakutana nao chini ya hapo. Ombeni nafasi ya watoto kucheza iliyoonyeshwa kwenye ramani kwa vipimo, isiwe maneno ya brosha. Ombeni kuta kati ya studio fulani zichorwe ziweze kuondolewa ili nyumba mbili ziwe moja baadaye. Mhandisi akiliwaza mapema gharama yake ni ndogo, na wawekezaji hulikubali kuliko mnavyodhani kwa sababu nao wanaogopa soko la studio kujaa. Bei nafuu msiiombe kwa mwekezaji peke yake. Yeye akipewa orofa za ziada juu ya kiwango cha kanda, basi kaunti imempa kitu chenye thamani ya mamilioni, na ni haki kuuliza umma umepata nini kwa orofa hizo. Hilo ndilo swali ambalo maofisa hulikwepa zaidi, na ndilo ningelirudia kila kikao.

Msitegemee hata hivyo kwamba sharti likiandikwa limekwisha. London wana sheria inayoruhusu mabaraza ya mitaa kudai nyumba nafuu tangu 1990, na bado pale Elephant and Castle mtaa wa Heygate, uliokuwa na nyumba za baraza zipatazo 1,200, ulibomolewa na kwenye mpango wa nyumba mpya takriban 2,500 zile za kodi ya chini kabisa zilikuwa kama 80. Mwekezaji alisema hesabu haikubali zaidi ya hapo, na hesabu yenyewe ikawa siri hadi watu walipoidai. Nasi tukifika hatua ya kuwa na masharti, la kwanza liwe hesabu kuwekwa wazi.

Kuhusu mwenye nyumba wenu kutaka kuuza, sheria haiwasaidii sana. Ile ya kudhibiti kodi ya nyumba bado inahusu nyumba zisizozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiasi ambacho Kilimani hakilipi hata maegesho. Someni mkataba wenu, muda wa notisi na deposti, na mkumbushe kwa maandishi kwamba mnunuzi anaurithi mkataba ambao haujaisha. Huenda mkapata miezi michache.

Suluhisho la kudumu liko kwenye sera ya kanda ya kaunti, na raia yeyote ana haki ya kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti kulitaka lijadili jambo. Ombi la wapangaji mia moja wa Kilimani, Kileleshwa na South C, lililo na kifungu kimoja tu, kwamba kila kibali cha nyumba zaidi ya 50 kitaje idadi ya vyumba vya kulala na kaunti ichapishe takwimu hizo kila mwaka, ni gumu kulikataa. Halimgharimu mtu shilingi, na mkishaipata takwimu mnaweza kubishana juu ya kiwango. MCA wenu, yaani mjumbe wenu wa bunge la kaunti, atalipenda zaidi ukimpelekea likiwa limeshaandikwa.

Kwa sasa anza na kibao. Kipige picha leo, kwa sababu vibao hubadilishwa: namba ya kibali cha kaunti, namba ya leseni ya NEMA, namba ya NCA (mamlaka ya kitaifa ya ujenzi), jina la msanifu. Ukikuta nafasi ya namba mojawapo iko wazi, ipigie picha ya karibu zaidi, na hiyo ndiyo iwe aya ya kwanza ya rufaa yenu.